Jinsi Kompyuta Inavyohakiki Usalama wa Programu Kabla ya Kuiendesha

MALENGO YA MADA

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa anatakiwa aweze:

(a) kueleza maana ya hashi, saini ya kidijitali na cheti cha kidijitali;
(b) kueleza hatua ambazo mfumo endeshi hupitia kabla ya kuruhusu programu mpya;
(c) kutofautisha utaratibu wa Windows, macOS na Linux;
(d) kueleza kwa mifano ya kweli kwa nini hakuna kinga moja inayotosha;
(e) kuchukua hatua sahihi anapokutana na onyo kwenye kompyuta.

UTANGULIZI

Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya mtihani wa majaribio, mwanafunzi aliniletea flashi yenye programu ya kujibia maswali ya mitihani iliyopita. Aliinakili kwenye duka la steshenari, na mwenye duka aliipakua kutoka kwenye intaneti. Tulipoifungua kwenye kompyuta ya maabara, kioo kilififia na kidirisha cha rangi ya njano kikatokea. Kilisema mchapishaji wa programu hajulikani, kisha kikauliza kama naruhusu ifanye mabadiliko kwenye kifaa. Darasa zima lilikuwa linasubiri. Niliandika nywila ya msimamizi, nikabonyeza "Ndiyo".

Asubuhi iliyofuata, faili za kazi za vitendo za kidato cha nne hazikufunguka. Kila jina la faili lilikuwa limeongezewa herufi tusizozijua, na kulikuwa na ujumbe unaodai fedha. Nakala ya akiba nilikuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa hiyo nayo ilipotea. Wanafunzi wale walirudia kazi ya muhula mzima kwa siku zilizobaki.

Kompyuta ile ilifanya kazi yake. Iliniuliza swali, mimi nikalijibu bila kulisoma. Mada hii inaeleza swali lile lilikuwa na maana gani, na kompyuta ilijuaje kuwa inapaswa kuuliza. Pia tutaona kwa nini onyo jingine, ambalo lingepaswa kutokea mapema zaidi, halikutokea kabisa.

1. KWA NINI KOMPYUTA HAIWEZI KUTAMBUA PROGRAMU MBAYA MOJA KWA MOJA

Programu ni mfululizo wa maagizo. Agizo la kufuta faili ni lile lile, liwe ndani ya programu nzuri inayosafisha diski au ndani ya programu hasidi inayoharibu kazi yako. Agizo la kufunga faili kwa siri hutumiwa na benki kulinda taarifa za wateja, na hutumiwa na wahalifu kudai fidia. Tofauti iko katika nia ya aliyeandika, na nia haionekani ndani ya maagizo.

Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Fred Cohen, alionesha kwa hoja za kihisabati kwamba haiwezekani kutengeneza programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea hata mara moja. Kwa hiyo mfumo endeshi haujaribu kujibu swali "Je, programu hii ni nzuri?" Badala yake hujibu maswali manne yaliyo rahisi zaidi:

(i) Programu hii imetoka wapi?
(ii) Ni nani aliyeitia saini, na je, imebadilishwa tangu atie saini?
(iii) Je, inajulikana tayari kwa wema au kwa ubaya?
(iv) Ikiruhusiwa, itaweza kugusa nini na nini?

Kumbuka maswali haya manne. Sehemu zote zinazofuata ni maelezo ya jinsi yanavyojibiwa.

2. HASHI: ALAMA YA KIDOLE YA FAILI

Hashi ni namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Faili ile ile hutoa hashi ile ile kila mara. Faili ikibadilishwa hata herufi moja, hashi yake inatakiwa ibadilike. Kanuni inayotumika sana leo huitwa SHA-256. Hutoa hashi yenye urefu wa biti 256, ambazo huandikwa kwa tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. Urefu huo hauongezeki wala kupungua, iwe faili ni barua ya ukurasa mmoja au filamu ya saa mbili.

Ili tuelewe, tutengeneze hashi yetu ndogo ya darasani. Kila herufi ipewe namba yake katika alfabeti ya Kiingereza (A=1, B=2, hadi Z=26). Tujumlishe namba zote, kisha tuchukue tarakimu ya mwisho tu.

Neno SALAMA: 19 + 1 + 12 + 1 + 13 + 1 = 47. Hashi ni 7.

Sasa mtu abadilishe herufi moja ili neno liwe SALIMA: 19 + 1 + 12 + 9 + 13 + 1 = 55. Hashi ni 5. Saba si tano, kwa hiyo tumegundua kuwa neno limebadilishwa.

Lakini jaribu neno SALAMU: 19 + 1 + 12 + 1 + 13 + 21 = 67. Hashi ni 7 tena! Neno limebadilishwa na hashi yetu haikuona. Hali hii ya mafaili mawili tofauti kuwa na hashi moja huitwa mgongano. Hashi yetu ina majibu kumi tu, 0 hadi 9, kwa hiyo migongano ni mingi. SHA-256 ina majibu mengi mno kiasi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuonesha mafaili mawili yanayogongana kwa kanuni hiyo.

ZINGATIA: Hashi peke yake haitoshi. Mhalifu akiweza kubadilisha faili kwenye tovuti, anaweza pia kubadilisha hashi iliyoandikwa pembeni yake. Inahitajika njia ya kuthibitisha kuwa hashi yenyewe imetoka kwa mwenye programu. Njia hiyo ni saini ya kidijitali.

3. SAINI YA KIDIJITALI

Saini ya kidijitali hutumia funguo mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ufunguo binafsi hutunzwa kwa siri na mtengenezaji wa programu. Ufunguo wa umma hutolewa kwa kila mtu. Kilichofanywa kwa ufunguo binafsi kinaweza kuhakikiwa kwa ufunguo wa umma, lakini aliye na ufunguo wa umma pekee hawezi kutengeneza saini.

Moja ya njia maarufu ni RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Tuitumie kwa namba ndogo.

Chukua namba tasa mbili, 3 na 11. Zidisha: 3 × 11 = 33. Ufunguo wa umma uwe (33, 3) na ufunguo binafsi uwe (33, 7).

Kutia saini: Mtengenezaji ana neno SALAMA lenye hashi 7. Anapandisha hashi kwenye kipeo cha ufunguo binafsi, anagawanya kwa 33 na kuchukua baki:
7⁷ = 823,543. Gawanya kwa 33, baki ni 28. Saini ni 28.

Anasambaza neno SALAMA pamoja na saini 28.

Kuhakiki: Mpokeaji anafanya mambo mawili.
(i) Anakokotoa mwenyewe hashi ya neno alilopokea: SALAMA inatoa 7.
(ii) Anapandisha saini kwenye kipeo cha ufunguo wa umma: 28³ = 21,952. Gawanya kwa 33, baki ni 7.

Majibu mawili yanalingana, saini ni halali. Kama njiani neno lingegeuzwa kuwa SALIMA, hatua ya (i) ingetoa 5 na hatua ya (ii) ingetoa 7. Hazilingani, programu inakataliwa.

Kwa namba ndogo kama 33, mtu yeyote anaweza kukisia kuwa imetokana na 3 na 11, kisha akapata ufunguo binafsi. Ndiyo maana katika matumizi halisi namba hiyo huwa na biti 2,048 au zaidi, yaani zaidi ya tarakimu 600. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma kutoka kwenye jibu hadi kwenye namba zilizozidishwa ndiko kunakoshindikana.

4. CHETI CHA KIDIJITALI

Bado kuna pengo. Umeuona ufunguo wa umma, lakini utajuaje kuwa ni wa kampuni fulani na si wa tapeli aliyejiita kwa jina hilo?

Fikiria mwajiri anayepokea barua yako ya maombi ya kazi. Hakujui, hajafika shuleni kwenu, na walimu wako hawajui. Lakini anaiamini NECTA. Cheti chako kina jina lako, matokeo yako na alama za NECTA. Kwa sababu anamwamini aliyetoa cheti, anaamini kilichoandikwa humo.

Cheti cha kidijitali hufanya kazi hivyo hivyo. Huandikwa jina la mchapishaji, ufunguo wake wa umma, tarehe ya mwisho ya matumizi, na hutiwa saini na taasisi inayoitwa mamlaka ya vyeti. Mfumo endeshi huja na orodha ya mamlaka kuu unazoziamini. Mamlaka kuu huthibitisha mamlaka ndogo, mamlaka ndogo humthibitisha mchapishaji, na mchapishaji huthibitisha programu. Huu huitwa mnyororo wa uaminifu. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote haufai.

Cheti kinaweza pia kubatilishwa kabla ya muda wake kuisha, kwa mfano ufunguo binafsi ukiibwa. Kompyuta huuliza kupitia intaneti kama cheti bado ni halali. Kompyuta ambayo haiunganishwi na intaneti mara kwa mara inaweza kuendelea kuamini cheti kilichokwisha kufutwa.

ZINGATIA: Cheti cha NECTA kinamwambia mwajiri wewe ni nani na ulipata nini. Hakimwambii kuwa hutaiba ofisini. Vivyo hivyo, saini halali inasema programu imetoka kwa nani na haijabadilishwa. Haisemi kuwa programu ni njema. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa.

5. MIFUMO ENDESHI MITATU INAVYOTEKELEZA

5.1 Windows

Hatua ya kwanza ni alama ya asili. Kivinjari kinapopakua faili kutoka kwenye intaneti, Windows huambatisha kwenye faili hilo maandishi madogo yasiyoonekana, yanayosema limetoka eneo namba 3, yaani intaneti.

Hatua ya pili ni SmartScreen. Unapofungua programu yenye alama hiyo, Windows hutuma taarifa zake, ikiwemo hashi, kwa seva za Microsoft ili kuuliza sifa ya programu. Ikiwa inajulikana kuwa njema, inaendelea. Ikiwa inajulikana kuwa mbaya, inazuiwa. Ikiwa haijulikani, linatokea onyo la rangi ya buluu linalosema Windows imeilinda kompyuta yako. SmartScreen iliingizwa ndani ya mfumo wenyewe kuanzia Windows 8 mwaka 2012. Programu mpya ya kijana mwaminifu inaweza kupata onyo hili kwa sababu tu bado watu wachache wameitumia. "Haijulikani" si sawa na "hatari".

Hatua ya tatu ni kuomba ruhusa ya msimamizi. Programu ikitaka kubadilisha mfumo, kidirisha huonesha jina la mchapishaji lililosomwa kwenye saini. Katika Windows 10, kidirisha cha buluu humaanisha mchapishaji amethibitishwa, na cha njano humaanisha hajulikani. Nilichokiona maabara kilikuwa cha njano.

Hatua ya nne ni Microsoft Defender, inayolinganisha programu na orodha ya programu hasidi zinazojulikana na kuangalia mwenendo wake inapoendeshwa.

Sasa turudi kwenye swali la utangulizi: kwa nini SmartScreen haikunionya? Alama ya asili hukaa pembeni ya faili katika diski zenye muundo wa NTFS. Flashi nyingi zina muundo wa FAT32 au exFAT, ambao hauna nafasi ya kuhifadhi alama hiyo. Faili likinakiliwa kwenye flashi, alama inabaki nyuma. Likifika kwenye kompyuta nyingine, linaonekana kama halijawahi kutoka intaneti, na SmartScreen haiulizi kitu. Kwa sisi tunaobadilishana programu kwa flashi kila siku, mlango huu uko wazi kila siku.

5.2 macOS

Kompyuta za Apple hutumia kinga iitwayo Gatekeeper, iliyoanza mwaka 2012. Kivinjari huweka alama ya karantini kwenye faili lililopakuliwa. Programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza, Gatekeeper huangalia kama imetiwa saini kwa cheti kilichotolewa na Apple. Tofauti na Windows, ambako mamlaka za vyeti ni nyingi, hapa mamlaka ni Apple peke yake.

Mwaka 2018 iliongezwa hatua nyingine: mtengenezaji hupeleka programu yake kwa Apple, mashine zao huikagua kama ina programu hasidi, na ikipita hupewa tiketi ya uthibitisho. Kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019, programu mpya zinazosambazwa nje ya duka la Apple hutakiwa kuwa na tiketi hiyo. Ukaguzi huu hufanywa na mashine, kwa hiyo huwa wa haraka lakini hauna jicho la binadamu.

Kinga ya tatu ni XProtect, orodha ya programu hasidi zinazojulikana, iliyoanza mwaka 2009. Kwa miaka mingi mtumiaji aliweza kuruka onyo la Gatekeeper kwa mbofyo mmoja wa ziada. Katika macOS Sequoia ya mwaka 2024 Apple iliiondoa njia hiyo ya mkato. Sasa mtumiaji hulazimika kwenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama na kuruhusu programu kwa makusudi.

5.3 Linux

Katika mifumo kama Ubuntu na Debian, mtumiaji kwa kawaida hatafuti programu kwenye tovuti moja moja. Anaichukua kwenye ghala la programu la mfumo wenyewe. Waendeshaji wa ghala hutia saini orodha kuu. Orodha hiyo ina hashi za orodha nyingine, na hizo zina hashi za kila kifurushi cha programu. Kwa hiyo saini moja hulinda maelfu ya vifurushi. Kifurushi kikiharibika njiani, hashi haitalingana na hakitasakinishwa. Udhaifu huanza pale mtumiaji anapoongeza ghala la mtu asiyemjua, au anaponakili amri kutoka mtandaoni na kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi.

5.4 Swali la nne: itagusa nini?

Ukaguzi wote huo hufanyika kabla ya programu kuanza. Kinga ya mwisho ni kuibana programu baada ya kuanza. Programu za kwenye duka la Apple huwekwa ndani ya uzio: hazioni faili zako hadi uzichague mwenyewe. Kamera, maikrofoni na mahali ulipo huombewa ruhusa. Na mtumiaji wa kawaida asiye msimamizi hawezi kubadilisha mfumo hata akidanganywa. Hii ndiyo sababu wanafunzi hawatakiwi kutumia akaunti ya msimamizi maabara, na mwalimu pia hatakiwi kuitumia kwa kazi za kila siku.

6. KINGA ZINAPOSHINDWA: MIFANO YA KWELI

6.1 Saini halali ya mtu mwingine (2016). Mwezi Machi 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Transmission, programu ya bure ya kupakulia mafaili, wakabadilisha toleo 2.90 la Mac na kuweka programu ya kudai fidia iliyoitwa KeRanger. Programu hiyo ilikuwa na saini halali iliyotokana na cheti kilichotolewa na Apple, hivyo Gatekeeper iliiruhusu. Lakini cheti hicho kilikuwa cha mtengenezaji mwingine kabisa. KeRanger ilikaa kimya kwa siku tatu, kisha ikafunga faili za mtumiaji na kudai bitcoin moja, ambayo wakati huo ilikuwa kama dola 400. Wataalamu wa Palo Alto Networks walipoigundua, Apple ilibatilisha cheti na kuongeza KeRanger kwenye orodha ya XProtect. Funzo: Gatekeeper iliuliza "Je, kuna saini halali?" Haikuuliza "Je, ni saini ya yule tunayemtarajia?"

6.2 Ufunguo ulioibwa (2010). Kirusi cha Stuxnet, kilicholenga mitambo ya nyuklia ya Iran, kilitumia saini za kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron. Kampuni hizo hazikuwa na hatia. Funguo zao binafsi ziliibwa. Funzo: saini ina nguvu kadiri ufunguo binafsi unavyotunzwa.

6.3 Sumu kabla ya saini (2017). Toleo 5.33 la CCleaner, programu maarufu ya kusafisha kompyuta za Windows, lilisambazwa na wenyewe, kutoka tovuti yao wenyewe, likiwa na saini yao halali. Wahalifu walikuwa wameingia kwenye kompyuta za watengenezaji na kupenyeza msimbo wao kabla ya saini kutiwa. Takriban watumiaji milioni 2.27 walipokea toleo hilo. Funzo: saini hulinda programu baada ya kutiwa, si kabla.

6.4 Mgongano wa hashi (2012). Programu ya ujasusi iitwayo Flame ilitumia udhaifu wa kanuni ya zamani ya hashi, MD5, kutengeneza cheti bandia kilichoonekana kimetoka Microsoft. Ni tatizo lile lile la SALAMA na SALAMU, ila kwa namba kubwa. Funzo: kanuni ya hashi ikizeeka, iachwe.

7. UNAPOKUTANA NA ONYO

Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

(a) Simama. Soma jina la mchapishaji.
(b) Jiulize kama jina hilo ni la mtu au kampuni unayoitarajia. Mfano wa KeRanger unaonesha kwa nini.
(c) Kama mchapishaji hajulikani, tafuta programu hiyo kwenye tovuti ya wenyewe au kwenye duka la mfumo endeshi, usiichukue kwenye flashi.
(d) Kama tovuti imeandika hashi, ikokotoe na kulinganisha. Kwenye Windows unaweza kutumia amri ya certutil, kwenye Linux amri ya sha256sum, na kwenye macOS amri ya shasum.
(e) Programu ya kulipia iliyovunjwa ili itumike bure tayari imebadilishwa, kwa hiyo saini ya mwenyewe haiwezi kulingana tena. Anayekuambia "zima kwanza kinga ya kompyuta" anakuomba uache maswali yote manne.
(f) Weka nakala ya akiba kwenye diski ambayo haikai imechomekwa kwenye kompyuta.

8. MAKOSA YA KAWAIDA YA WATAHINIWA

• Kuandika kuwa "saini inathibitisha programu haina virusi". Sahihi: inathibitisha chanzo na kwamba haijabadilishwa.
• Kuchanganya funguo. Kutia saini ni kwa ufunguo binafsi. Kuhakiki ni kwa ufunguo wa umma.
• Kuandika kuwa hashi "inaficha" faili. Hashi haifichi kitu, na huwezi kurudisha faili kutoka kwenye hashi yake.
• Kutaja kinga bila kueleza kazi yake. Ukiandika "SmartScreen" peke yake hujajibu swali linaloanza na "Eleza".

9. MASWALI YA MARUDIO

1. Tofautisha hashi na saini ya kidijitali. (Alama 4)
2. Juma amepokea neno SIMBA pamoja na saini 16. Ufunguo wa umma ni (33, 3). Kwa kutumia hashi ya darasani, onesha kama saini ni halali. Je, matokeo yangekuwaje kama angepokea neno SAMBA na saini hiyo hiyo? (Alama 6)
3. Eleza kwa nini programu iliyonakiliwa kwa flashi inaweza kufunguka kwenye Windows bila onyo la SmartScreen. (Alama 4)
4. "Programu yenye saini halali ni salama." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano miwili. (Alama 10)

MWONGOZO WA MAJIBU

1. Hashi ni namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili na huonesha kama limebadilika. Mtu yeyote anaweza kuikokotoa. Saini ni hashi iliyopitishwa kwenye ufunguo binafsi. Huonesha pia nani ameithibitisha, na ni mwenye ufunguo huo tu anayeweza kuitengeneza.

2. SIMBA: 19 + 9 + 13 + 2 + 1 = 44, hashi ni 4. Saini: 16³ = 4,096; gawanya kwa 33, baki ni 4. Zinalingana, saini ni halali. SAMBA: 19 + 1 + 13 + 2 + 1 = 36, hashi ni 6. Sita hailingani na 4, kwa hiyo saini si halali kwa neno hilo.

3. SmartScreen huangalia programu zenye alama ya asili. Alama hiyo huhifadhiwa katika muundo wa NTFS. Flashi za FAT32 na exFAT haziwezi kuibeba, hivyo hupotea faili linaponakiliwa.

4. Anza kwa kukubali upande wenye ukweli: saini huonesha chanzo na huzuia mabadiliko ya njiani. Kisha pinga kwa mifano, kwa mfano CCleaner (sumu iliingia kabla ya saini) na Stuxnet (funguo ziliibwa). Hitimisha kuwa saini ni jibu la swali moja kati ya manne, na swali la mwisho hubaki kwa mtumiaji aliyeshika kipanya.